Plasma au LCD? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaonunua TV ya mtumba

Plasma hazitengenezwi tena tangu miaka ya 2013 na 2014, lakini bado zinauzwa. Zinakuja kwenye makontena ya mtumba, na kwa kuwa ni kubwa na bei yake iko chini, zinamvuta sana mtu mwenye sebule kubwa na pesa kidogo. Mimi ni fundi wa TV, nipo Tanga, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa mezani kwangu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu inaniuma kuona mtu anapoteza akiba ya miezi kwa jambo ambalo angeligundua dukani kwa dakika kumi.

Fundi, plasma na LCD zinatofautiana nini? Si zote ni bapa?

Huo ubapa ndio unaowachanganya watu. Nje zinafanana, ndani ni vitu viwili mbalimbali kabisa.

Plasma ina vijichumba vidogo mno, vingi kwa maelfu kwa maelfu, vilivyobanwa kati ya vioo viwili. Ndani ya kila kijichumba mna gesi ya neoni na xenoni. Umeme ukipita, gesi inatoa mwanga ambao jicho halioni, na mwanga huo ukipiga unga wa fosfori uliopakwa humo ndani, unga unawaka mwekundu, wa kijani au wa bluu. Chukulia ni tyubulaiti ndogondogo, kila moja inawaka na kuzimika yenyewe. Ukilishika hilo moja, mengine yote ya plasma utayaelewa: weusi wake mzuri, joto lake, na njaa yake ya umeme.

LCD haiwaki yenyewe. Nyuma kuna taa, na mbele ya taa kuna tabaka la fuwele za kimiminika zinazojipinda kupitisha mwanga au kuuziba, kama mtu anayefungua na kufunga pazia dirishani. Pazia hata liwe zito vipi, mwanga kidogo hupenya. Ndiyo maana ukizima taa za sebuleni usiku, ile sehemu nyeusi ya picha kwenye LCD nyingi inaonekana kijivu.

Muuzaji kaniambia yake si LCD, ni LED. Ni kweli?

LED ni LCD hiyohiyo. Kilichobadilika ni taa za nyuma tu: zamani zilikuwa tyubu nyembamba zenye zebaki ndani, sasa ni vipande vya taa za LED. Kwa hiyo humu nikisema "LCD ya tyubu" na "LED" nazungumzia ndugu wawili wa baba mmoja. OLED ndiyo kitu kingine. Hiyo kila nukta inajiwakia yenyewe kama plasma, na LG walianza kuuza ya inchi 55 mwaka 2013, wakati plasma inaaga.

Basi ipi ina picha nzuri?

Kwa zile za umri mmoja, za mwaka 2008 hadi 2013, plasma nzuri ilikuwa na picha bora, na sitaki kuwaficha hilo. Pioneer walitoa plasma zao mwaka 2007 wakaziita Kuro, neno la Kijapani lenye maana ya nyeusi, na jina lilistahili. Ukitazama filamu ya usiku, giza ni giza kweli, uso wa mtu unajitokeza ndani yake bila ukungu.

Mpira ndiyo sehemu nyingine ambapo plasma iliishinda LCD ya tyubu. Mpira ukipigwa pasi ndefu kwenye LCD ya zamani unaacha mkia, kwa sababu fuwele zinachelewa kugeuka. Kwenye plasma mpira unabaki duara. Na ukikaa pembeni kabisa, kwenye lile kochi la ukutani ambalo kila sebule yetu inalo, plasma haipotezi rangi. LCD nyingi ukizitazama kwa upande zinapauka.

Mchana hali inageuka. Nyumba zetu mlango uko wazi, dirisha liko wazi, jua linaingia mpaka kwenye zulia. Kioo cha mbele cha plasma kinakuwa kioo cha kujitazamia: unaona mlango, unaona mtoto anayepita, picha yenyewe unaitafuta. LED inang'aa zaidi na nyingi hazirudishi mwanga kiasi hicho. Kama TV yako inawaka zaidi mchana, swali la picha nzuri limeshajibika hapo.

Na ile "600Hz" iliyoandikwa kwenye plasma nyingi isikubabaishe. Ni hesabu ya mipigo midogo ya umeme inayojenga kila picha, kwa mfano mipigo 10 mara picha 60 kwa sekunde. Usiilinganishe na namba ya LCD, hazipimi kitu kimoja.

Kama zilikuwa nzuri, kwa nini waliacha kuzitengeneza?

Pioneer walitangaza mwaka 2009 kwamba wanaacha TV. Panasonic walisimamisha uzalishaji wa plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwishoni mwa 2014. LCD ilikuwa inashuka bei kila mwaka, inatengenezeka kuanzia ya jikoni mpaka ya ukumbini, ni nyepesi na haili umeme sana. Plasma ndogo ilikuwa shida kuitengeneza, ndiyo maana nyingi utakazokutana nazo ni za inchi 42 na 50. Kisha kuna duka lenyewe: chini ya taa kali za dukani LCD ndiyo iliyong'aa, na mnunuzi huchukua kinachong'aa.

Inakula umeme kiasi gani? Mke wangu analalamikia LUKU, huu umeme wa kulipia kabla.

Mama ana haki ya kulalamika. Tupige hesabu pamoja.

Plasma ya inchi 42 ya miaka ile inakula wastani wa kama wati 250, nyingine chini kidogo, nyingine juu zaidi. Ukiwasha saa sita kwa siku, ni uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 45. LED ya inchi 43 ya siku hizi iko kwenye wati 70 hivi. Kwa saa hizohizo ni kama uniti 13 kwa mwezi. LCD ya tyubu inakaa katikati.

Sasa kwa mteja wa TANESCO, shirika letu la umeme Tanzania, aliye kwenye D1, lile kundi la matumizi madogo ambalo mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi, TV peke yake imemeza zaidi ya nusu. Bado friji, bado pasi, bado feni, na Tanga hii bila feni hulali. Ukivuka mpaka, hupati tena ile bei nafuu. Nina mteja alinunua plasma ya inchi 50 kwa bei iliyomfurahisha mno. Baada ya miezi michache akaja kuniuliza kama mita yake ni mbovu. Mita ilikuwa nzima.

Kwa anayetumia sola sina la kuzungushia maneno: plasma usiiguse.

Nimeambiwa plasma "inaungua kioo". Maana yake nini?

Hili ndilo kubwa kuliko yote kwa mnunuzi wa mtumba, kwa hiyo nivumilie.

Ule unga wa fosfori unachoka kadiri unavyotumika. Picha ikitembea, unachoka sawasawa kote na huoni kitu. Lakini kitu kikikaa mahali pamoja kila siku, nembo ya kituo kwenye kona, ubao wa magoli, mstari wa habari unaopita chini, unga wa pale unachoka kivyake. Mwisho picha inabadilika, alama inabaki. Hiyo haifutiki na hakuna spea ya kuibadilisha isipokuwa kioo kizima, yaani TV nzima.

Mwaka fulani mama mmoja jirani aliniletea plasma ya inchi 50. Kainunua siku tatu nyuma. Dukani walimwonyesha mkanda wa samaki wa baharini, rangi zinacheza, kila kitu kinapendeza. Niliichomeka kwenye king'amuzi, tukaweka taarifa ya habari, mtangazaji kavaa kanzu nyeupe na nyuma yake ukuta mweupe. Kona ya juu kushoto ikajitokeza picha ya ubao wa magoli, kimstatili cha rangi ya kahawia, na ndani yake ukikaza macho unaona mahali dakika zilipokuwa zinahesabika. TV ile ilikuwa imetoka kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio, imeonyesha mpira usiku na mchana kwa miaka. Mama aliuliza, "Mwanangu, hii inasafishwa na nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile nawaambia watu waende dukani na flashi yao. Tengeneza kwenye simu picha moja nyeupe tupu, moja nyekundu tupu, moja ya kijivu, ziweke kwenye flashi. Mwambie muuzaji aziwashe zijaze kioo kizima, taa za duka zizimwe kama inawezekana, kisha tazama kona nne na mstari wa chini. Kama TV haina tundu la flashi, zipitishe kwenye king'amuzi au kompyuta kwa waya wa HDMI. Muuzaji akikataa kuzima ule mkanda wa samaki, ondoka.

Kuna kivuli kingine ambacho si ugonjwa. Unaweza kuona nembo imebaki dakika kadhaa baada ya kubadilisha chaneli, halafu inayeyuka yenyewe. Plasma nyingi zina hilo. Waache wakuwekee picha zinazotembea kwa robo saa, kisha rudisha ile nyeupe. Kikibaki palepale, kimeungua.

LCD haiungui hivyo. Kwenye LCD tafuta nukta zilizokufa, mistari ya kusimama au kulala, na madoa meupe kama vipele, ambayo huja pale vijilensi vilivyofunika taa za LED vikidondoka.

Nipo Nairobi, plasma yangu inatoa mlio wa "mbuuu". Imeharibika?

Pengine haijaharibika, ni mwinuko. Gesi iliyomo kwenye vijichumba ina mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hewa ya nje ndiyo inayovibana vioo vishikamane. Ukipanda juu hewa inapungua, vioo vinalegea kidogo, na kila mpigo wa umeme unavitikisa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mbeya hali kadhalika, Eldoret inapita 2,000. Vitabu vya maelekezo vya plasma nyingi viliandika kabisa kikomo cha mwinuko. TV iliyokuwa kimya Mombasa inaweza kuanza kulia ukihamia Eldoret, na fundi akikwambia abadilishe bodi kwa ajili ya mlio huo tu, mwambie asubiri. LCD haina habari na mwinuko.

Nitajuaje dukani ipi ni plasma? Wauzaji wenyewe wanachanganya.

Gusa kioo taratibu kwa ncha ya kidole, bila kukandamiza. Plasma ni ngumu kama kioo cha dirisha. LCD ni laini, na picha inatikisika kidogo pale ulipogusa. Kisha jaribu kuinua upande mmoja: plasma ya inchi 42 inaweza kufika kilo 25 mpaka 30 na zaidi, LED ya ukubwa huo haifiki nusu yake.

Cha uhakika zaidi ni namba ya modeli mgongoni. Kwa Panasonic tafuta herufi baada ya kistari: TX-P ni plasma, TX-L ni LCD. Kwa Samsung, inayoanza na PS au PN ni plasma, LE au LA ni LCD ya tyubu, UE, UA au UN ni LED. Kwa LG angalia herufi inayofuata inchi, 42PJ ni plasma, 42LH ni LCD ya tyubu. Piga picha hiyo karatasi ya mgongoni kabla hujalipa. Inasema mengi kuliko muuzaji.

Kwani ilikotoka inajalisha? Dubai, Uingereza, Japani...

Inajalisha sana. Kwenye karatasi hiyohiyo tafuta volti. Ikiandikwa 100-240V au 220-240V, chomeka kwa amani. Ikiandikwa 100V, hiyo imetoka Japani, na 120V imetoka Marekani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma umeipoteza papo hapo, sijui nimefungua ngapi za namna hiyo zenye harufu ya kuungua. Transfoma ya kuikidhi plasma nayo ni mzigo na pesa.

Antena usiitegemee kwa yoyote kati ya hizi. Japani wana mfumo wao wa matangazo, Marekani wana wao, na hapa kwetu tunatumia DVB-T2, ambao TV nyingi za kabla ya 2010 hazina. Utahitaji king'amuzi. Uliza tundu la HDMI lipo na linafanya kazi, na lijaribu hapohapo. TV kadhaa za Marekani zinagoma kupokea picha ya 50Hz, yaani picha 50 kwa sekunde, inayotoka kwenye ving'amuzi vyetu, unabaki na maandishi tu kwamba haitambui. Zilizotoka Uingereza na Dubai ndizo zenye usumbufu mdogo.

Plasma ya inchi 42 imeandikwa HD, lakini maandishi yanaonekana yamekwaruzika. Kwa nini?

Plasma nyingi za inchi 42 zilikuwa na nukta 1024 kwa 768 tu. Kwa mpira na tamthilia ukiwa mbali mita mbili na nusu hutaona tatizo. Kwa kompyuta na michezo ya video, utaona. Ukitaka kamili tafuta iliyoandikwa 1080.

Sisi wa pwani tuna la kuangalia zaidi?

Chumvi na mijusi. Hewa ya bahari inakula miguu ya bodi na soketi za waya polepole, inaacha kijani kama kutu ya shaba. Na mjusi anapenda joto, na hakuna TV yenye joto kama plasma. Anaingia kwenye matundu ya mgongoni, analala juu ya bodi ya umeme, mkia unagusa sehemu mbili, na hapo mjusi anakufa na TV inakufa. Nimewatoa wengi, wamekauka kama karatasi. Usizibe matundu kwa kitambaa, utaipika TV. Itenganishe na ukuta kiasi cha kiganja, futa vumbi, na kama mnasafiri chomoa kabisa ukutani.

Kila TV, ya aina yoyote, iwekee kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukikatika, kinachoua ni vile unavyorudi.

LED yangu ina sauti, haina picha. Niitupe?

Usiitupe! Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, imulike kioo kwa karibu na kwa upande. Ukiona picha hafifu inacheza mle ndani, kioo ni kizima, taa za nyuma ndizo zimekufa. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua kukifungua kioo bila kukivunja. Mwambie abadilishe vipande vyote, siyo kile kilichokufa tu, maana vingine vina umri uleule na vitafuata. Spea zipo Kariakoo, Dar es Salaam, zipo Luthuli Avenue, Nairobi. Ikirudi nyumbani, ingia kwenye menyu ya picha na ushushe mwanga wa nyuma. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepandishwa mpaka mwisho, na ndicho kinachoziua mapema.

Kwa plasma ni kinyume. Bodi zake zinafanya kazi kwenye volti kama 200, spea mpya hakuna, tunang'oa kwenye iliyokufa kuweka kwenye inayougua. Na wewe usiifungue mwenyewe hata kama umeichomoa, kapasita zake zinabaki na umeme wa kukurusha.

Nina plasma nzima, tumekaa nayo miaka. Niiuze ninunue LED?

Kama haina alama, haikusumbui na mnatazama saa mbili tatu za jioni, kaa nayo. Utakayopata ukiiuza ni pesa ndogo, na LED ya bei ya chini haitakupa picha ile. Itunze tu: usiiache kwenye chaneli moja kutwa, picha ijaze kioo bila mikanda myeusi pembeni, mwangaza uwe wa wastani. Mkihama, isafiri imesimama wima, katikati ya magodoro, kamwe isilazwe na kamwe isipande bodaboda. Ni kioo mbele na nyuma.

Lakini kama ndiyo unaingia dukani leo na pesa mkononi, nunua LED, hata kama ni ndogo kwa inchi kumi. Nimewaambia hivyo wadogo zangu wa damu.

Imekufa moja kwa moja. Niipeleke wapi?

Mpelekee fundi, usiichome na usiiweke jalalani. Plasma ikifa kwa kioo kupasuka, bodi zake zinaweza kufufua nyingine, na fundi mwaminifu atakupa chochote. LCD ya tyubu ndiyo ya kuangalia zaidi, zile tyubu zina zebaki, zikivunjika chumbani fungua madirisha, toa watoto nje, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, usifagie. Mimi nina boksi la tyubu zilizokufa chini ya meza, limefungwa, na watoto wa mtaani wanajua haliguswi.